Swali la Nyongeza

Mheshimiwa yuko Dodoma, bunge la bajeti.
Mimi nimebaki Mbagala na daftari,
kalamu ya kuazima.

Bi Havijawa kaja tena, viatu mkononi,
tope la Mto Kizinga hadi magotini.
"Mwandikie: kalavati lishasombwa,
mjukuu wangu wiki ya pili hajafika shule."
Namwandikia.

Saa tatu na nusu, redioni, mtaa wetu unatajwa!
Sauti yake imekauka kidogo.
Waziri anasimama:
upembuzi yakinifu unaendelea.
Meza zinapigwa.

Bi Havijawa anakung'uta kiatu kimoja.
"Huo upembuzi,
mtoto anaweza kupita juu yake?"

Nageuza ukurasa.
Na hilo naliandika,
namba arobaini na moja,
bila kufuta neno.