Kwa Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Funguo hizi. Mlango wa chini husukumwa kwa bega,
usiuogope, tumelingana umri.
Umeniuliza ununue wapi hapa Tbilisi, na huko uendako.
Kaa. Kahawa haijatuama.

Barabara ile ya mawe, yenye taa na mazulia milangoni,
ipite kama unavyopita msiba wa usiyemjua:
kwa heshima, bila kusimama.
Pale kizuri hakijiuzi wala kibaya hakijitembezi;
vyote vimekaa kwenye kiyoyozi, vinakungoja wewe.

Jibini, nenda Soko la Watoro, nyuma ya stesheni.
Jina lisikutishe. Husemwa walikuwa askari waliokimbia vita
wakauza bunduki zao hapo.
Siku hizi ni figili.
Mtafute Tsiala, mwenye jino la dhahabu na mizani isiyo na dhambi.
Atakukatia kipande uonje. Onja. Kisha kingine.
Ukikubali cha kwanza atakudharau.

Kutaisi, shuka na mfuko mtupu.
Huko husaga maua ya manjano wakayaita zafarani,
na si uongo, ni jina la nyumbani tu.
Nunua kwa anayepiga chafya:
huyo amesaga mwenyewe.
Na churchkhela, njugu zilizotungwa kwenye uzi
zikachovywa katika uji wa zabibu,
ibonyeze. Ikinesa, ni ya mwaka huu.
Ikikujibu kama kuni, waachie watalii.
(Najua nawe ni mtalii. Lakini unalala kwangu.)

Batumi ni samaki. Chagua mwenyewe, wakukaangie hapo hapo jirani.
Viatu, hapana.
Mume wangu Valiko alinunua jozi Batumi,
soli zikamwaga hata Kobuleti hatujafika.
Nilicheka mpaka behewa zima likanigeukia.
"Lakini bei!" alisema, akitembea kwa soksi.
Mpaka leo nikipata kitu cha bei nafuu
hugeuka nimwonyeshe.

Telavi sina la kusema. Divai, nunua kwa yeyote
anayekumiminia kabla hajauliza unatoka wapi.
Itakuja katika chupa ya soda. Usione haya.

Jumamosi, Daraja Kavu.
Medali za watu waliokwisha kufa, kamera zisizo na jicho,
vikombe vilivyofiwa na visahani vyao.
Mwisho kabisa, upande wa bustani, yupo mzee Guram,
meza yake ni boneti la gari.
Ana vijiko vitano vya fedha
ndani ya kisanduku chenye nafasi sita.
Kwenye mpini kuna herufi moja yenye mkia, utadhani ndoana.
Ndiyo herufi ya mama yangu.

Baridi ile ya bila umeme,
tulipokuwa tunachoma mbao za sakafu ya chumba unacholala,
nilivibeba ndani ya soksi, nikampa
kwa mafuta ya taa na mkate wa siku tisa.
Guram hakunipunja. Mimi ndiye niliyempunja:
nilimwambia cha sita kimepotea.

Usininunulie. Sikuambii ili ununue.
Mwenyewe huenda mara mbili kwa mwaka, nikauliza bei,
naye huitaja kubwa, kila mwaka kubwa zaidi,
kubwa kuliko fedha yote iliyomo humo,
akanitazama, asiseme neno.
Miaka yote hiyo havijapata mnunuzi.
Nadhani ndivyo anavyonitunzia.

Kwa hiyo wewe pita tu. Uliza.
Akikutajia bei ya kukutoa macho, shukuru, uondoke.
Usiombe kupunguziwa, nakusihi,
asije akapitiwa akakubali.
Ukirudi utaniambia imefika ngapi.

Haya, kahawa imetuama. Na hii ni jamu ya tini,
huliwa hivi hivi, bila mkate.
Hapana, acha hicho cha bati.
Chukua hiki.