Msikiti wa Mbao, Juu ya Khulo

Nililipwa nusu kwanza, nusu baada ya kuubomoa.
Kamati ilitaka saruji, bati jekundu, kipaza sauti;
mbao, walisema, ni kuni zinazongoja zamu.
Nami, fundi Nodar wa ukoo wa Khozrevanidze,
nilikuwa nimeshanoa shoka.

Ndipo akapanda Eteri kutoka Batumi:
viatu vya mjini, kiti cha kukunja,
penseli nane zimefungwa kwa mpira wa nywele.
Hakutaja urithi. Hakutaja hifadhi.
Aliniuliza tu: hili komamanga nani alilichonga?
Sijui, nikasema, nikaangalia viatu vyangu
kama mtoto aliyesahau jina la babu yake.

Siku kumi na moja alichora.
Alichora nguzo zilizokolea harufu ya tumbaku,
maana serikali ile iliyokwisha iliufanya ghala,
na nyanya zetu wakatundika majani
pale pale palipokuwa pakisomwa Kurani.
Alichora mimbari yenye mizabibu ya buluu,
na ufa, na kiota cha mbayuwayu juu ya ufa.
Mvua ikimkuta alihamia ndani,
akaketi juu ya magunia ya viazi,
akala mkate wangu wa mahindi na jibini.
Panya hakuwachora. Nilimwambia.
Akacheka: panya hawatulii.

Majira ya baridi picha zikatundikwa mjini.
Theluji ilipoyeyuka magari yakaanza kupanda:
wanafunzi na kanda zao za kupimia,
bibi mmoja kutoka Bursa, akilia kizingitini,
kwamba nyanya wa nyanya yake alihama
na kibanzi cha mlango huu ndani ya furushi.
Kamati ikakunja ramani ya saruji.
Imamu akanijia, sauti chini:
Fundi, paa unaliweza?

Paa naliweza. Nusu yangu ya pili sikupewa,
wala sikuidai.
Lakini msinifanye walii.
Wengi huja kupiga picha, wachache husali;
Ijumaa iliyopita tulikuwa saba.

Jana nilipanda ngazi kubadilisha ubao,
mchoro wake mfukoni uwe kielelezo.
Kwenye komamanga, punje ya chini kushoto,
alikuwa ametia mikwaruzo mitatu midogo.
Nikadhani penseli iliteleza.
Nikapangusa masizi kwa ncha ya shati:
ipo. Mitatu.
Ndiyo alama tunayoikata sisi, hadi leo,
chini ya kila kiti tunachouza.