Ti, kwa Kidole Kimoja

Saksafoni hii ni ya kukodi, pauni kumi na nane kwa mwezi.
Mkoba wake unanuka sarafu kuukuu na mate ya wageni.
Nimepanda nayo ngazi za juu ya duka la baiskeli,
barabara ya Abbeydale, Sheffield, Alhamisi ya rasharasha,
nikiwa na miaka hamsini na mitatu
na meno mawili ya bandia ambayo sikumtajia mwalimu.

Bwana Hinchliffe ananikabidhi ulimi wa mwanzi, mwembamba kama ukucha.
"Uweke mdomoni kwanza. Mkavu hausemi."
Nauloweka. Una ladha ya kijiti cha aiskrimu
ambacho mtu amekilamba hadi utamu ukaisha.
Meno ya juu yakae hapa. Mdomo wa chini ukunje, uwe mto.
Kidole kimoja tu, cha shahada, mkono wa kushoto:
hiyo ndiyo ti.
Puliza.

Ukatoka mlio wa bata bukini aliyekanyagwa mguu.
Kule chini, fundi wa baiskeli akaacha kugonga.

Lazima niwaambie kazi yangu ya mchana.
Mimi ni mkalimani, hospitali ile ya kilimani.
Mama wa Bukavu anasema, nami nasema:
"Tumbo linaniuma tangu Jumapili,"
na tumbo si langu.
Daktari anasema, nami nasema:
"Samahani, hatuyaoni mapigo ya moyo,"
na samahani si yangu, wala macho yaliyotazama skrini.
Ndiyo kanuni: mwenye neno akisema mimi, nawe sema mimi.
Miaka kumi na moja ya mimi, mimi, mimi,
na nikirudi nyumbani sijabakiza hata moja
ya kuchovya kwenye chai.

Wiki ya tatu nina noti tatu: ti, la, so.
Nazipigia ndani ya kabati, katikati ya makoti,
maana ukuta ni mwembamba na jirani ana kichanga.
Makoti ni wasikilizaji wema, hayakohoi.
Mdomo umechubuka kwa ndani,
kidole gumba kimeanza sugu.
Dada yangu ananipigia simu kutoka Tanga:
"Hilo tarumbeta utalipiga harusi ya nani?
Samaki mkunje angali mbichi, Salha."
Namjibu, hata ng'onda ukiiloweka hulegea.
Anacheka, kisha anauliza bei ya kukodi,
kisha hacheki.

Juzi Bwana Hinchliffe alifunua piano.
"Piga do yako." Nikapiga.
Naye akapiga do ya kwake,
zikakaa chumbani kama wakwe waliogombana.
"Nimekosea wapi?"
"Hujakosea. Ndivyo ala yako ilivyoumbwa.
Wewe unaisoma do, unaishika do, unaipuliza do,
sisi tunasikia mi, tena mi iliyoshushwa kidogo."
Nilicheka mpaka nikakaa kwenye zulia,
saksafoni mapajani kama mtoto aliyelala.
Aliuliza kuna nini.
Sikumfasiria.

Na jana.
Jana ile samahani niliisema mara mbili kabla ya adhuhuri,
kwa sauti ile ile ya taratibu tuliyofundishwa.
Yule wa pili hakulia. Alinitazama mimi, si daktari,
kana kwamba ni mimi niliyeutafuta moyo ule nikaukosa.

Nilifika nyumbani, nikaingia kabatini na viatu vyangu vya mvua.
Shaba ilikuwa baridi. Nikaipumulia kwanza, polepole,
kama upashavyo mikono ya mtoto atokaye shule.
Kidole kimoja.
Ti.
Nikahesabu moyoni: moja, mbili,
kwa tatu ikayumba, kwa nne ikasimama,
ikapita kwenye mikono ya makoti yote,
tano, sita,
na hapakuwa na mtu aliyetangulia kuisema.

Kwa saba ikapasuka. Bukini yule yule.
Nikaulamba mwanzi,
nikapanga mdomo upya.