Matofali Matatu

Ghala la mvuke la Wete lilikuwa na jina baya
tangu sijaota meno.
Karafuu iliyokaukia mle, walisema, haina roho,
ukiivunja kichwa haikuchomi pua.
Mnunuzi akisikia "imetoka ghalani"
huteremsha bei kabla hajafungua gunia.
Lakini mvua ya vuli haimuulizi mtu:
majamvi yamekunjwa, karafuu imeanza kuvunda,
kesho ni mpeta, keshokutwa mbolea.
Basi waliileta usiku, vichwa chini,
kama mtu aendaye kukopa kwa hasimu.

Kubwa zaidi ni ule mlio.
Boila ikishapata moto, baada ya isha,
ukuta ulianza: ko. Ko-ko.
Kisha pigo moja, nyundo juu ya nanga,
na vumbi likashuka darini.
Wengine wakasema ni kibarua aliyejengewa ndani.
Wengine, ni jini, tena si wa hapa,
kaja melini pamoja na mabomba,
hajui Kiswahili, ndiyo maana anagonga.
Mlinzi, Hamad Mbwana, alimwekea haluwa kizingitini.
Asubuhi haipo.
Paka wa ghala walinenepa kuliko paka wote wa bandarini.

Shaame Faki alikuja kutoka Chake na pimamaji.
Hakusoma kitu, hakufukiza kitu.
Aligusa bomba kwa mgongo wa mkono
kama anayepima homa ya mtoto,
akatambaa kwa tumbo chini ya sakafu,
na mimi, karani wa mizani, nikamshikia tochi.
Akalaza pimamaji juu ya bomba.
Kitone cha hewa kikakimbilia upande mmoja
kikakataa kurudi.

"Mvuke hauna ubaya," alisema, buibui midomoni.
"Ukipoa ni maji, na maji yanataka njia ya kwenda kwao.
Hapa bomba limelegea, limefanya tumbo,
maji yamelala.
Mvuke mpya ukija mbio unayakuta njiani,
unayabeba, unayabamiza kwenye kiwiko.
Ndilo jini lenu. Glasi mbili za maji."

Chini ya tumbo lile, kwenye saruji,
alama tatu za mraba, safi,
kama ufizi uliong'olewa.
"Nani kaondoa matofali?"
Tochi ilitikisika. Nikasema ni betri.

Nayajua matofali matatu.
Mekundu, mazito, kingo zimekatwa mshazari,
yapo Limbani, jikoni kwetu.
Baba alipakua makonyo hapa mwaka niliozaliwa.
"Mafiga haya hayapasuki," mama husema,
"baba yenu aliyatoa mbali."
Juu yake nimepikiwa uji, muhogo, pweza,
maji ya arobaini yangu,
na maji aliyooshewa baba mwenyewe.

Niliyarudisha kwenye pakacha, yamefunikwa kanga.
Shaame akalichukua moja, akalinusa,
akanitazama.
"Hili limekula samaki wengi," alisema,
akalisukuma mahali pake. Hakuuliza la pili.

Boila ikawashwa. Isha ikapita.
Ukuta kimya.
Siku ya tatu karafuu ikatoka kavu, kahawia iliyoiva,
inavunjika tak.
Mnunuzi akapima, akanusa, akatabasamu,
akauliza imekaukia wapi.
Nikamwambia.
Akateremsha bei.

Hamad Mbwana anasema jini kahama,
lakini haluwa anaweka, huenda karudi.
Siku hizi, eti, usiku hauishi,
hana wa kumgongea saa.
Nami nimemnunulia mama jiko la gesi.
Amelizunguka, amelisifu mbele za watu,
amechemsha birika moja,
akameza funda, akaniangalia:
chai ya jiko hili, mwanangu,
haina roho.