Mfuko wa Friza

Mkunazi wa ukutani umechanua tena.
Maua madogo, ya kijani, kama hayataki kuonekana,
na harufu si ya mtu kujipaka:
nzito, tamu, yenye jasho ndani yake.
Oktoba hapa Ibra jua limeanza kupunguza ukali,
nyuki hawalali mchana,
na wauza asali wameshapandisha bei.

Mimi ni mfamasia.
Nasukuma vidonge kwa kisu cha plastiki, vitano vitano,
nasema: kimoja asubuhi, kimoja usiku, usile na tumbo tupu.
Mama hunisikiliza, humeza vyake vya presha mbele yangu
nisije nikanuna,
kisha huchukua kapu akatoka.

Majani yale hayachumwi kwa pupa.
Miba yake imekaa miwili miwili,
mmoja umenyooka, mmoja umepinda kama ndoana.
"Wa kwanza hukuchoma," anasema,
"wa pili hukuzuia usikimbie."

Alipofika mji huu, mke wa mtu na mtoto mgongoni,
hakujua kumwomba jirani chumvi.
Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu.
Lakini mti aliujua.
Aling'ata jani moja, akasema peke yake kichochoroni:
huyu na yule wa kwetu Wete
mama yao mmoja, baba mbalimbali.
Bi Ghaniya, wa mlango wa pili, akamsikia,
akamwonyesha kwa kidole: *sidri*.
Mama akajibu: mkunazi.
Urafiki wao ukaanzia hapo, kwenye maneno mawili
na jipu la mtoto, ambalo ndilo mimi,
au shavu langu la kushoto; kovu liko hadi leo.

Sijaona utafiti wa kutosha, namwambia.
Naye: "Mimi nimeona jipu likipasuka."

Ndani ya friza, chini ya vipande vya nguru,
ulikuwepo mfuko wa majani makavu yaliyosagwa,
ameuandika kwa wino mweusi:
YANGU. MSIGUSE.
Tulijua ni ya nini. Hatukusema.
Nilipotafuta barafu mkono wangu uliupita
kama unavyompita mgeni aliyelala.

Julai ya mwaka juzi watu wa umeme walikuja na msumeno,
matawi yamegusa nyaya, wakaacha kisiki na vumbi.
Siku ya nne yake Bi Ghaniya akaanguka jikoni,
saa nane mchana, maduka yamefungwa,
na wanawe wanauliza mlango kwa mlango:
nani ana majani?

Mama alifungua friza.
Alimwaga yote kwenye beseni, hata ya pembeni akayakung'uta,
akayakoroga kwa mkono mpaka povu likapanda,
jeupe, zito, kama la maziwa.
Nilimshika kiwiko mlangoni. Na wewe je?
"Mimi nina haraka gani?" akasema,
akapita na beseni lake.
Alimwosha yeye, kichwa kwanza.
Aliporudi vidole vyake vilikuwa vimenywea,
na kwa siku tatu hakusema neno la Kiswahili wala la Kiarabu.

Kisiki kilitoa machipukizi.
Leo asubuhi amemkalisha Ruwaida kwenye kigoda,
mwanangu, ana mba na ana kelele,
povu lilelile limemshuka mpaka shingoni.
"Macho! Bibi, macho!"
"Yafumbe basi, nani kakwambia utazame?"

Mfuko haukutupwa, mama hatupi kitu.
Sasa una sambusa.
Maandishi bado yanasomeka, YANGU, MSIGUSE,
na kila mtu anagusa.

Mimi, jioni nikitoka kazini,
huchuma kidogo, upande asiouona.
Nimechomwa, nimezuiwa.
Nayakausha juu ya paa, kwenye sinia la harusi yangu,
nayageuza kwa kisu cha plastiki.
Mfuko nimeshaununua.
Sijauandika kitu.