Mlango wa Juu

Vikombe vilipoanza kugongana, saa nne na robo,
hakuna aliyepiga kelele.
Tulitazamana kwanza: nani atasimama?
Mhasibu Baderha akasimama. Tukasimama sote.

Jengo letu, hapa Bukavu, limeegemea mlima kama mlevi ukutani.
Mlango mmoja uko chini, kwenye lami.
Mwingine orofa ya nne, nyuma ya madumu ya maji,
unafunguka moja kwa moja
kwenye udongo mwekundu na mihogo ya watu.

Nilikuwa hatua saba kutoka mlango ule.
Nikaupa kisogo.
Kwangu mimi, kutoka ni kushuka.
Miguu ilizijua ngazi, asubuhi kwa asubuhi;
na mgongo wa Baderha ulikuwa mbele yangu,
mpana, wenye uhakika.
Tena koti langu lilikuwa chini, koti la mkopo.

Kwenye kona ya orofa ya pili tulikwama
kifua kwa mgongo,
plasta ikitumwagikia kama unga,
Zihindula akipanda kinyume chetu
kutafuta simu iliyokuwa mkononi mwake.

Nankafu, anayepiga deki, hakushuka.
Tulipofika barabarani tukamsikia kule juu,
ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa,
akituhesabu kwa sauti:
“Kumi na wanane. Kumi na tisa. Nani amebaki?”
Tukaanza kutajana majina.

Miaka sita ameingilia huko na maji yake.
Hatukuwahi kumuuliza anapita wapi.

Jana nilikwenda kuujaribu.
Komeo linang'aa,
limesuguliwa na kiganja kimoja.