Mashine ya Kushoto

Kipeperushi kilichapishwa kwa lugha kumi na moja,
karatasi nene, rangi ya mtindi:
*Afya ya Akili. Usikae Kimya.*
Maarika alivipanga mezani, ghorofa ya tatu,
kando ya bakuli la peremende.
Kufikia Novemba, Tartu imeganda,
bakuli limejazwa mara nne.
Vipeperushi viko palepale, vimejikunja pembe kwa joto la bomba.

Nani atanyanyua karatasi yenye neno *akili*
mbele ya watu wa kwao?

Begimai hakunyanyua.
Aliingia kuulizia mashine ya kufulia ya bwenini,
ile ya kushoto, mbona inameza sarafu na haizunguki.
Idara siyo hiyo. Maarika alitaka kusema hivyo,
kisha akaziona kucha, zimetafunwa hadi nyamani.
"Hebu kaa. Nieleze hiyo mashine."

Akaelezwa.
Kwamba hufua saa tisa za usiku, hakuna foleni.
Kwamba saa hizo huwa macho hata hivyo.
Kwamba nguo ni zilezile, safi, anazirudia,
maana ule mngurumo
ni kama kuna mtu chumba cha pili.

Ipo fomu:
*Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejiona huna thamani?*
Sifuri hadi tatu.
Wote huzungushia sifuri.
Sifuri ya Hanoi, sifuri ya Lahore, sifuri ya Tbilisi,
za mviringo, nadhifu,
za watoto waliofunzwa adabu, ambao ada yao ni shamba lililouzwa.
Hata mama akipiga simu, jibu hulitangulia swali:
mzima, nimekula, nimevaa soksi.

Maarika aliiacha fomu kwenye droo.
"Kwenu, mtu akiwa hivi, anasemeshwaje?"
Begimai alitazama dirishani. Saa kumi alasiri, giza tayari.
"Hasemeshwi. Anapikiwa.
Supu ya kondoo. Halafu shangazi analala kwenye godoro lako,
mgongo kwa mgongo,
haulizi kitu."

Bomba likagonga mara mbili, likanyamaza.

"Supu siijui," akasema Maarika,
"na mgongo sina ruhusa.
Ila Alhamisi nipo.
Njoo uniambie imefikia wapi, mashine."

Jumanne fundi alifika, akatoa kifungo na sarafu tisa.
Ikazunguka.

Alhamisi Begimai akaja vilevile,
akavua kofia, akaketi bila kuambiwa.
"Sasa," akasema, "ni ile ya kulia."